Bi Mkubwa Hakuwa Akivuja

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ninayoidai hapa ni ya dereva mmoja wa gari la zimamoto, sasa ni marehemu. Ukipita leo kwenye vibanda vya chai karibu na maghala yetu utaambiwa alikuwa mzembe aliyesahau kujaza maji. Wanaolisema hilo hulisema wakikoroga sukari, na wengi wao hawakuwahi kuligusa gari lile hata kwa kidole. Mimi niliishi chini yake miaka mingi kuliko niliyoishi kwenye ndoa yangu, na ninasema hakusahau.

Mimi ni fundi wa magari, mwanamke, Mnyamwezi wa Uyui. Hasira ninazo, sikatai. Mama yangu alikuwa nazo pia na alizikwa nazo. Ufundi niliupata jeshini nikiwa msichana mwenye sare iliyonizidi kila upande. Kwenye gereji ya kambi kulikuwa na magari mawili ya zimamoto yaliyotengenezwa Uingereza kabla sijazaliwa, ya kijani, pua fupi, milango ya bati nene ambayo ukiifunga mkono mzima unauma. Wanaume waliniachia hayo kwa sababu hakuna aliyeyataka. Kazi yake ilikuwa chafu, na hayakuwa na sifa ya kifaru wala lori la kubebea askari. Mtu hapati cheo kwa kupaka grisi pampu ya maji.

Jeshi lilipopata magari mapya, yale mazee yakapewa maghala ya tumbaku nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye njia ya kwenda Isikizya. Muda wangu wa utumishi nao ukawa umekwisha. Maghala yalihitaji mtu anayeyajua magari yale, nami nilihitaji kula, basi nikayafuata. Yakapakwa rangi nyekundu, lakini kila palipokwaruzika kijani kilichungulia.

Moja tuliliita Bi Mkubwa, la pili Bi Mdogo. Bi Mdogo alifika akiwa mgonjwa na hakupona. Kila kilichokufa kwa Bi Mkubwa, kabureta, rejeta, diski ya klachi, tulikitoa kwa Bi Mdogo, hadi akabaki fremu na usukani nyuma ya gereji. Kwenye nyumba za mitala nilizozijua mimi, bi mdogo ndiye hupambwa. Hapa alivuliwa hadi kidani ili mwenzake apendeze.

Dereva niliyemkuta pale alikuwa Mgogo, mtu mrefu, mpole, mwenye meno ya mbele yaliyoachana. Alikuja Tabora kutafuta kazi, akaoa, akabaki. Yeye ndiye aliyekuwa na dhamana ya gari na pampu. Mimi nilikuwa na dhamana ya kila kilichofungwa kwa nati. Siku ya kwanza alinisalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," halafu kabla sijaitika akaniambia, "Mpagazi, tua mzigo." Nikajua nimempata mtani.

Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara. Mababu zetu walipita Ugogo wamejitwika pembe wakielekea pwani, na kwa kila kisima wenyeji waliwadai hongo. Vita vya hongo vikageuka mzaha, mzaha ukawa sheria: mtani anaweza kukwambia lolote na huruhusiwi kukasirika. Basi aliniita mpagazi, nami nikamwita ombaomba. Alificha spana zangu akazidai hongo. Mimi nilimwambia mkewe, mbele yake, kwamba mumewe ni mali ya babu yangu, alimsahau kisimani wakati wa kurudi. Tuliishi hivyo miaka na miaka, na sikumbuki siku nzima iliyopita bila mmoja wetu kucheka hadi kushika mbavu. Nilimpenda yule mtu, kama mtani anavyompenda mtani, na asiyejua mapenzi hayo basi.

Sasa nieleze habari ya tone, kwa sababu yote yaliyotokea yalitoka kwenye tone.

Pampu ya Bi Mkubwa ilikuwa na shafti iliyopenya kwenye ganda lake, na pale ilipopenya lazima pazungushiwe kamba ya kuzuia maji. Kamba zake za Uingereza ziliisha zamani sana. Tukatengeneza zetu. Tulichukua kamba ya pamba, tukaichemsha kwenye sufuria kuukuu pamoja na nta ya nyuki na mafuta ya ng'ombe, halafu tukaizungusha kwenye shafti ingali na uvuguvugu. Nta kwetu si kitu cha kutafuta, Tabora nzima inanukia asali. Pampu ndogo ya kuvutia maji nayo ilikuwa na vikombe vya ngozi, na vile tulikatiwa na fundi viatu mmoja mjini, mzee wa Kiislamu ambaye ukoo wake umeshona makubazi karibu na soko tangu babu wa babu. Hakukubali ngozi ya tumbo. Alitaka ya mgongo wa dume, na kabla ya kukata alisema bismillahi, akakata mara moja tu, hakurudia.

Ngozi na kamba ya nta vyote viwili vinaishi kwa maji. Vikikauka vinasinyaa, na vikisinyaa pampu inavuta hewa. Kwa hiyo kanuni yetu ilikuwa moja: tangi lijae wakati wote, hata kama hakuna moto mwaka mzima, na pampu idondoshe. Pampu iliyo nzima hudondosha. Tone moja, unavuta pumzi, tone jingine. Ikidondosha mno unakaza kidogo, isipodondosha kabisa unaogopa. Chini yake mtani wangu aliweka kopo la maziwa, na kila asubuhi aliliangalia kopo lile kabla hajasalimia mtu. Nilimuuliza, "Bi Mkubwa hajambo?" Akajibu, "Anatokwa jasho." Hapo ndipo tulipoamkiana sisi wenyewe.

Na gari lilifanya kazi, asije mtu akadhani nalia kwa ajili ya sanamu. Kiangazi kimoja cha moto mwingi porini tulikwenda hadi vijijini ambako barabara imekwisha. Nakumbuka kijiji kimoja cha Wamoraviani, bani la kukaushia tumbaku limeshika moto na mavuno ya mwaka ya familia tatu yako ndani, na bani la pili liko hatua chache tu upande upepo unakokwenda. Hakukuwa na bomba wala kisima, kulikuwa na dimbwi la kunyweshea ng'ombe. Mtani akatumbukiza mpira mnene, akavuta mkono wa pampu, Bi Mkubwa akakohoa mara moja, kisha yale maji ya tope yakaruka juu ya paa. Bani la kwanza lilikwenda. La pili lilibaki, na tumbaku yake ikauzwa. Akina mama walimpigia vigelegele Mgogo yule hadi akaona haya akajificha nyuma ya usukani, nami nikamwambia ajitokeze adai hongo yake.

Kisha tukapata meneja mpya. Mpya kwa kiti, si kwa mahali. Alikuwa Mnyamwezi mwenzangu, aliyeanza pale pale akibeba marobota ya tumbaku mgongoni, na katika ujana wake aliwahi kushika mpira wa maji pamoja nasi, akalowa chapachapa, akacheka. Watu hupenda kusema wakubwa hawajui. Huyu alijua. Aliwahi kuchuchumaa nami kando ya pampu na kuniuliza kwa nini inadondosha, nikamweleza, akaelewa kuliko nilivyotarajia. Kwa hiyo sitaki kusikia habari ya kutojua.

Palijengwa ukumbi mpya wa kuchambulia tumbaku, na mbele yake uwanja ukatandikwa matofali ya pevingi, mazuri, ya kijivu na mekundu. Mgeni mkubwa alikuwa anakuja kuufungua. Vumbi la Tabora wakati wa kiangazi mnalijua. Meneja akaamuru Bi Mkubwa amwagie maji uwanja wa nje, njia yote hadi lango kuu, ili vumbi lisimpate mgeni. Tukamwaga hadi tangi likalia utupu. Kisha akaamuru gari lioshwe, lipakwe rangi, matairi yapigwe dawa nyeusi, lisimamishwe juu ya pevingi mpya kama pambo. Hayo yote sawa. Ila mtani wangu alipoanza kuvuta mpira wa kisimani ili ajaze tangi, meneja akamzuia.

"Usijaze. Linavuja. Litatia madoa ya kutu kwenye matofali."

"Halivuji, mkuu. Linadondosha."

"Mgeni akiona linadondosha atasema hatujui kutunza vitu."

Mgeni akaja, akapiga picha na Bi Mkubwa, mkono kwenye bampa. Akasema wenye maghala wanastahili pongezi kwa kutunza historia. Mtani wangu alisimama nyuma ya watu akiwa amevaa kofia mpya aliyopewa siku hiyo. Picha ile bado imetundikwa ofisini, na yeye hayumo.

Baada ya mgeni tulidhani mambo yatarudi kama kawaida. Hayakurudi. Meneja alilipenda gari pale mbele. Kila mtu aliyefika alilisifia, naye akasikia raha ya kusifiwa. Maji ya kisima nayo yalikuwa yamepungua, yakawa ya ofisi na ya chai. Kopo la maziwa likakauka, buibui akajenga humo.

Mtani wangu akaenda ofisini. Nilikuwa mlangoni nasubiri kusainiwa karatasi ya grisi, nikasikia kwa masikio yangu.

"Mkuu, nimekuja kwa ajili ya Bi Mkubwa. Anakufa kwa kiu. Naomba maji."

Meneja akaegemea kiti, uso ukachanua. "Mgogo umeanza! Umeshamaliza kujiombea mwenyewe, sasa unaombea na gari? Hongo ya maji babu zangu walishawalipa nyie, hatudaiwi tena!"

Ofisi nzima ikacheka. Mtani wangu naye akacheka, afanyeje? Utani umekuja, na anayenuna kwenye utani ndiye mshamba. Akangoja kicheko kiishe, akavua kofia.

"Mkuu, nisikilize. Sitanii."

"Na mtani gani aliwahi kusema anatania?"

Wakacheka upya, mhasibu akainamia meza. Mtani wangu akarudisha kofia kichwani, akatoka. Tulipofika gereji aliniambia, "Mpagazi, nimewaambia sitanii, wakacheka zaidi." Alisema huku anatabasamu, lakini meno yale yaliyoachana hayakuonekana.

Hakuishia hapo, na hili ndilo wasemaji wa vibanda vya chai hawalijui au hawataki kulijua. Alirudia kwenye mkutano wa asubuhi wa wafanyakazi wote. Alisimama, mikono nyuma, akasema pole pole kwamba mwezi wa kumi unakuja, watu watachoma mashamba, tangi ni tupu na pampu imekauka, moto ukija hatuna kitu. Meneja akauliza, "Nani ampe Mgogo huyu kikombe cha maji anyamaze?" Kibarua mmoja akakinga mikono akijifanya ombaomba wa barabarani. Uwanja ukavunjika kwa vicheko. Ningekuwa na nyundo mkononi siku ile sijui ningefanya nini.

Nikaenda mimi. Nilifikiri: mimi na meneja ni kabila moja, hatuna utani, maneno yangu yatasimama kama maneno. Nikamwambia, "Mkuu, lile tangi lijazwe leo." Akanitazama. Kwanza akatabasamu, "Mtani wako kakutuma? Mama, michezo yenu ipelekeni gereji." Kisha, nilipoendelea kusimama, tabasamu likaondoka na akasema kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye akili timamu, "Kuna wageni wengine wanakuja. Wakishaondoka tutaangalia."

Basi unaona. Alisikia vizuri kabisa. Utani ulikuwa mlango wake wa uani, akiingiliwa na ukweli kwa mbele yeye anatokea nyuma. Mimi nilinyonyeshwa utani, nimekua nao, na siku ile niliuchukia.

Tukajaribu kuiba. Mtani alikuja na ndoo mapema kabla ya watu, mlinzi akamfukuza, ameamriwa matofali yasilowe. Mimi nilipita na kikombe changu cha bati, nikitazama huku na huku, nikamwagia shafti maji kidogo. Maji ya kikombe kwenye jua la Tabora! Kabla sijafika gereji yalikuwa yameshakauka. Ile kamba ya nta ukiigusa ilikatika vipande, na vikombe vya ngozi vilikuwa vimejikunja kama maganda ya karanga.

Moto ulikuja mchana, jua la utosi, mwezi wa kumi. Mtu alichoma shamba lake kusafisha, upepo ukabadilika, moto ukavuka barabara na kushika magunia yaliyorundikwa nyuma ya ukumbi ule mpya. Ndani walikuwamo akina mama vibarua wakichambua majani.

Injini ya Bi Mkubwa iliwaka mara moja. Betri, plagi, klachi, kila kitu changu kilikuwa tayari, na hilo linaniuma hadi leo. Mtani alimshusha kutoka kwenye pevingi kwa kishindo, akamzungusha hadi kwenye bwawa lililo nyuma ya maghala, mpira mnene ukaingia majini. Akavuta mkono wa pampu. Ukapiga mluzi. Hewa tupu. Akavuta tena, mluzi. Nilichana kitenge changu nikakizungusha kwenye shafti, nikapaka grisi, nikapaka tope, nikakandamiza kwa viganja vyote viwili huku shafti ikiniunguza, na yeye anavuta, anavuta. Kikatoka kikohozi cha maji machafu kisichofika hata mita mbili. Kisha mluzi.

"Mpagazi, acha," akaniambia.

Akachukua magunia, akayalowesha bwawani, akajitupia moja kichwani, akakimbilia ukumbini. Moshi wa tumbaku si moshi wa kuni. Unaingia kifuani unakaa. Aliingia akatoka na mama mmoja, akaingia tena akatoka na wawili wameshikana nguo yake, akaingia tena. Sikuhesabu. Wote walitoka. Gari la zimamoto la mjini lilipofika, na vijana wake walifanya kazi yao vizuri, ukumbi mpya ulikuwa umekwisha na ghala la jirani limekwenda nusu. Yeye alikuwa amekaa chini ameegemea tairi la Bi Mkubwa, anatapika kitu cheusi.

Wakaja watu wa kuchunguza kutoka makao makuu ya kampuni. Waliuliza maswali ya haki. Kwa nini gari lilikuwa halina maji? Nani mwenye dhamana? Dereva. Je, dereva aliwahi kutoa taarifa? Meneja akajibu akiwa ametulia, mikono juu ya meza: "Hakuwahi kunipa taarifa. Alikuwa akija kunitania tu. Sisi ni watani." Wakaitwa walioshuhudia. Mhasibu akasema ndiyo, alikuja ofisini, tulicheka sana. Vibarua wakasema ndiyo, alitania mkutanoni, yule mzee alikuwa mcheshi. Hawakusema uongo, mmoja mmoja walisimama wakaeleza walichokisikia, na walichokisikia ni utani. Nilipoeleza mimi, wakaniuliza kama ni kweli kwamba mimi na mtuhumiwa tulikuwa watani. Nikasema ndiyo. Mwenyekiti akaandika kitu, akanishukuru.

Aliachishwa kazi kwa uzembe. Bi Mkubwa alikatwa kwa gesi na kuuzwa chuma chakavu, pamoja na mifupa ya Bi Mdogo. Meneja alihamishiwa ofisi kubwa zaidi. Nilibaki pale muda kidogo nikitengeneza pikipiki za mabwana shamba, kisha nikaacha mwenyewe, maana nilikuwa nikimpita mtu ninauona mdomo wake tu, ule uliocheka.

Kifua cha mtani wangu hakikupona. Kwanza alikohoa usiku, halafu mchana na usiku, halafu akawa hawezi kupanda baiskeli. Tukampeleka hospitali ya Kitete. Wauguzi walimtunza, sina neno nao. Mapafu yalikuwa yameshaharibika. Nilikwenda kila nilipoweza, na uji wa ulezi, nikamwambia Wagogo hawafi, wanasogea tu kando ya barabara wakiomba. Alicheka, kisha akakohoa, kisha nikajuta kumchekesha.

Mtoto wake mkubwa alikuja kutoka Dar es Salaam, mtu mzima mwenye kazi yake na mke. Tulikutana kwenye varanda ya hospitali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole kwa safari."

"Asante." Akatazama viatu vyake. "Mama, hivi ni kweli mzee alisahau kujaza maji? Huko kazini watu wa Tabora wananiuliza."

Nikamweleza yote. Alisikiliza kwa adabu, hakunikatiza hata mara moja, na nilipomaliza akasema, "Sawa, mama. Nashukuru." Nimeishi vya kutosha kuijua ile sawa. Alinichukulia kama rafiki anayemfichia rafiki aibu.

Nilipoingia wodini baba yake alikuwa ameshaona. Alinishika mkono, kiganja chake kikavu. "Mwanangu anaona haya juu yangu," alisema. "Kufa si kitu. Lakini nikimwacha hivi atazeeka na aibu ambayo si yangu. Mpagazi, usimwache hivi."

Nikamwahidi. Nilisema "haya" kwa wepesi, kwa sababu nilikuwa nimeshapata njia. Msibani mtani ndiye mwenye ruhusa. Wengine wakilia na kunong'ona, mtani anasimama anasema lolote kuhusu yeyote, meneja, mchungaji, marehemu mwenyewe, na hakuna wa kumnyamazisha, ni mwiko. Nikajiambia: pale watakuwapo wote, mtoto, mke, wafanyakazi, na hata meneja atakuja, kwa maana watu wa namna yake hawakosi misiba. Pale nitasema, na watalazimika kunisikiliza hadi mwisho.

Alifariki asubuhi. Tulimzika kijijini walikokuwa wakiishi na mkewe, watu wengi, magari mengi. Meneja alikuja na shada, akapewa kiti cha mbele. Ulipofika wakati wa salamu nikasimama. Nilikuwa nimevaa ovaroli yangu ya kazi, safi, nimeipiga pasi. Nilitaka wanione ni fundi ninayesema ya kazi. Kabla sijafungua mdomo nikaona watu wanaanza kutabasamu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mtani wake huyo, leo mtaona!"

Nikasema, "Huyu mtu hakusahau maji." Kicheko kidogo, cha kunitia moyo. Nikasema alikwenda ofisini akaomba tangi lijazwe, mimi nikiwa mlangoni. Nikasema alisimama akaomba tena mbele ya wafanyakazi wote. Nikasema maji yalikataliwa ili matofali yasipate madoa. Wakacheka sana kwenye matofali. Nikanyoosha kidole kwa meneja, nikasema, "Na aliyekataa ni huyu hapa, amekaa kiti cha mbele, na alijua." Umati ukalipuka, watu wakapiga makofi, bibi mmoja akapiga kigelegele. Meneja mwenyewe alicheka akitikisa kichwa, akatoa leso akajifuta macho, akasimama kidogo na kuniinamia kama anayekubali kushindwa kwenye mchezo.

Nikasema, "Sitanii." Hapo ndipo walipocheka kuliko kote. Nikaapa kwa Mungu na kwa kaburi lililo wazi mbele yangu. Nikaanza kulia, kulia kweli, makamasi na yote, nimeshika udongo mkononi, na wakashangilia, kwa kuwa mtani mzuri hujua pia kulia.

Mazishi yalipokwisha, yule mtoto mkubwa alinifuata. Uso wake ulikuwa umechangamka kwa mara ya kwanza tangu afike. Akanishika mikono yote miwili.

"Asante sana, mama," akasema. "Yaani umetuchekesha. Tulikuwa na mzigo mzito, umetutua. Mzee angefurahi mno."

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi sikutania."

Akacheka tena, akanikumbatia, akaenda kuwaaga wageni.